Mwarobaini, karafuu na meno ya mwanangu

Mi ni mzaliwa wa Arumeru huko Arusha, upande wa Maji ya Chai, na mtu wa kule akicheka tu unamjua. Meno yetu ni ya brauni. Sio uchafu, ni maji. Maji ya kule yana madini ya floraidi mengi kupita kiasi, mtoto akiyanywa miaka ile ambayo meno ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya taya basi yanakuja kutoka yakiwa na madoa tayari, wengine yana mpaka vishimo, na usugue na mkaa usugue na chumvi na limao hayatoki ng'o. Nimekua nacheka kiganja kikiwa mdomoni. Picha za harusi yangu zote nimefumba mdomo. Naanza na hili kwa sababu ndo chanzo cha yote nitakayosimulia, manake nilipopata mtoto niliapa huyu hatakuja kuficha meno yake kama mimi, na kwa kiapo hichohicho ndo nikamuumiza.

Niliolewa Tanga mjini, kijana wangu wa kwanza akazaliwa 2014. Alipoota jino la kwanza, ana miezi saba, mume wangu akaja na dawa ya meno ya watoto toka dukani, nikageuza boksi nikasoma nikaona floraidi, nikamwambia baba, hii kitu haiingii mdomoni mwa mwanangu. Kwetu neno floraidi ni kama neno sumu. Kule kuna watoto miguu imepinda kwa ajili ya maji hayohayo, na magadi ya kupikia makande nayo yanaongezea, sasa mtu aliyeyaona hayo kwa macho yake ukimwambia floraidi inalinda meno anakuona hujui unachosema. Ikabidi nitafute njia nyingine, na njia nyingine ilikuwa uani kwetu, mwarobaini mkubwa ambao mama mkwe alisema aliukuta siku anaolewa nyumba ile.

Mama mkwe wangu mtu wa Pangani. Mwaka ule alikuwa anakaribia sabini na meno yake yote anayo, meupe, anatafuna miwa mbele yako. Hajawahi kutumia dawa ya dukani maisha yake yote. Mswaki wake ni ule wenyewe, kijiti cha mti wa mswaki, kile ambacho mpaka mswaki wa plastiki umechukua jina lake, anaununua Ijumaa kwa wale wanaouza nje ya msikiti, kimoja anakifunga kwenye pindo la kanga na vingine anaviloweka kwenye glasi ya maji. Alfajiri anasugua, kabla ya kulala anasugua. Nikamwangalia yeye nikajiangalia mimi, nikaona ushahidi ninao ndani ya nyumba, ningetafuta nini tena?

Basi nikaanza. Majani ya mwarobaini nachuma asubuhi, naosha, nachemsha mpaka maji yanakuwa ya kijani nzito yanayoelekea weusi, napoza, nalowesha kitambaa safi nampangusia fizi na yale meno machache. Uchungu wa mwarobaini kila mtu anaujua. Mtoto alikuwa analia akiona tu ile sufuria ndogo ya bati. Alipofika miaka miwili akawa na nguvu za kuukaza mdomo, mi nikaona nimtafutie njia, nikawa naweka asali. Kijiko kimoja cha chai kwenye kikombe, baadaye viwili. Akawa anakubali, na anameza. Nilifurahi kweli. Nilikuwa nampaka asali kwenye meno usiku kabla ya kulala na kwa akili yangu nampa dawa ya meno, alafu baada ya hapo anapewa kikombe chake cha chai ya maziwa, kile chenye mdomo wa kunyonyea, anaenda nacho kitandani anakinyonya taratibu mpaka usingizi unamchukua. Chai ya Tanga inavyonywewa mnajua, sukari yake si ya kubahatisha.

Miaka mitatu na kitu hivi nikaona kwenye meno ya mbele ya juu, pale jino linapokutana na fizi, kuna mstari mweupe kama chaki. Sikujali. Miezi ikapita ule mstari ukawa wa njano, alafu brauni. Hapa naomba mzazi mwenzangu asome taratibu. Nilipoona brauni, moyo wangu ulikwenda moja kwa moja Maji ya Chai. Nikasema ni damu yangu, amerithi. Nikalia kabisa siku ile. Wala sikuwaza kwamba madoa yetu hayarithiwi, kwamba yanatoka kwenye maji na huyu mtoto hajawahi kunywa maji ya kwetu hata wiki mbili, na kwamba yale meno yanayoharibika ni ya utoto wakati sisi kinachoharibika sana ni ya ukubwani. Niliona rangi ninayoijua nikadhani naujua ugonjwa. Ule mstari mweupe ndo mwanzo wa jino kuoza, na ukiuwahi pale pale jino bado linaweza kurudi likawa gumu bila kuzibwa wala nini. Mi niliuangalia mwaka mzima.

2019, ana miaka mitano, likaanza gego la chini kushoto. Usiku anaamka anashika shavu. Mama mkwe akaleta karafuu, za Pemba, anazo siku zote kwenye kopo. Tukatwanga, tukachanganya na mafuta ya nazi, nikachukua pamba ndogo kama punje ya mchele nikaichomeka kwenye lile tundu. Dakika kumi mtoto katulia. Nilishukuru Mungu, nikamwambia mama hii ni dawa. Ikawa kila likimuuma karafuu, likimuuma karafuu, na kweli linanyamaza. Wiki ya sita hivi karafuu ya kutwanga ikawa haitoshi, nikanunua famasi kichupa cha mafuta ya karafuu yenyewe, yale makali, nikapaka na pamba bila kuchanganya na kitu. Kesho yake fizi pale ikawa nyeupe kama ngozi iliyomwagikiwa maji ya moto, ikabanduka. Nilimchoma mwanangu.

Alafu ghafla jino likaacha kuuma kabisa. Wiki mbili kimya, anakula, anacheza. Tukajua limepona. Siku ya tatu ya Idi saa nane usiku nikamsikia anahema vibaya, nikawasha taa, shavu lote la kushoto limejaa mpaka jicho linaanza kufumba, mwili unachemka, nikimgusa chini ya taya pamekuwa pagumu kama embe bichi. Ile njia ya toka nyumbani mpaka hospitali siikumbuki. Nakumbuka tu mama mkwe yuko nyuma ya bajaji kampakata anamwambia "pole baba, pole baba", na mi mbele nimeshika kile kichupa cha karafuu mkononi, sijui nilikibeba cha nini.

Walimpa dawa za sindano, uvimbe ukapungua siku ya pili, ndo tukapelekwa chumba cha meno. Mlango ulipofunguliwa tu nikasikia harufu. Karafuu! Chumba kizima kinanukia karafuu kama jikoni siku ya pilau. Nikadhani ni mimi, kichupa kimenimwagikia kwenye mkoba. Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole, nilimweleza yote toka mwarobaini mpaka karafuu, nikiongea haraka haraka kwa sababu nilikuwa najua atanigombeza. Hakunigombeza. Akafungua kabati akanionyesha chupa, akasema, "Mama, karafuu hata sisi tunayo hapa. Mafuta yake tunayachanganya na unga wa zinki oksaidi tunaziba jino kwa muda. Wewe hukukosea dawa. Ulikosea kudhani jino likinyamaza limepona."

Akanieleza. Ndani ya karafuu kuna kitu kinaitwa yujenoli, kinaua bakteria kweli, na kinatia ganzi mshipa wa jino. Kwa hiyo maumivu yanaisha, ila bakteria walioko ndani kabisa ya tundu haiwafikii, wao wanaendelea kuchimba. Na zile wiki mbili za kimya nilizosherehekea ndo mshipa wa jino ulikuwa unakufa. Jino lililokufa haliumi. Usaha unajijenga chini kimya kimya mpaka upate njia. Yaani maumivu yale niliyokuwa nayazima kila usiku ndo yalikuwa yanapiga kelele nimlete.

Alafu akaniuliza swali moja tu. "Usiku anakunywa nini?"

Nikamwambia chai ya maziwa. Akauliza baada ya hiyo chai anapiga mswaki? Nikasema anapigishwa kabla, na mwarobaini. Na asali. Nilivyotamka ile asali nikajisikia mwenyewe. Akachukua kipande cha karatasi akanichorea jino. Kuna bakteria hasa mmoja, streptokokasi myutansi, anakaa kwenye ukoga, ule utando unaoteleza ukipitisha ulimi asubuhi. Akipata sukari anatoa asidi, na asidi ile inalamba madini ya jino. Ukinywa chai kikombe kimoja ukamaliza, asidi inakaa kama nusu saa hivi alafu mate yanaiosha na kurudisha madini kidogo. Ila ukinyonya kikombe taratibu umelala, na usiku mate yanapungua, asidi inakaa masaa. "Ukiua bakteria asubuhi na majani, jioni ukawapikia, umefanya nini?" Sijalisahau hilo swali mpaka leo.

Lile gego liling'olewa. Kijana wangu aliambiwa kila kitu kabla, akachomwa ganzi, akanishika kidole gumba, koleo ikaingia, mi nikageuza uso. Nililiomba lile jino. Ninalo kwenye kiboksi cha kiberiti. Kwa juu ni tundu jeusi, ukilishika karibu na pua baada ya miaka yote hii bado lina harufu ya karafuu kwa mbali. Na tuliambiwa pengo lile litakuwa na kazi yake, manake gego la utoto ndo linashikilia nafasi ya mwenzake mpaka miaka kumi kumi na mbili huko, likitoka mapema yaliyo pembeni yanalala na jipya linakuja kukosa njia. Ndivyo ilivyokuwa, leo meno yake ya upande ule yamebanana.

Mengine matatu yalikuwa na matundu yasiyofika kwenye mshipa. Hayo yalizibwa bila mashine. Alikwangua ule uozo laini na vijiko vidogo vya chuma kwa mkono, akajaza saruji ya meno, akaikandamiza na kidole chenye glavu, basi. Mtoto hata hakulia. Daktari akaniambia njia hii ya kuziba bila kuchimba na mashine ilianzia hapahapa Tanzania miaka ya katikati ya 80, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ajili ya sehemu ambazo hazina umeme, ndo ikaenea dunia nzima. Nilisikia fahari na uchungu kwa pamoja, kitu kizuri kimeanzia kwetu na mi nilikuwa sijui kama kipo, niliogopa kumpeleka mtoto kwa sababu ya ule mlio wa mashine.

Kuhusu floraidi nilimbana sana. Nikamfungulia mdomo wangu nikamwambia ona. Akaona, akasema ninakuelewa. Ila akanifanya nifikirie kiasi. Sisi tulikunywa maji yenye floraidi nyingi kila siku, lita kwa lita, tukapikia, tukanywea chai, Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita na kwetu visima vingi vinapita hapo mara nyingi tu. Dawa ya meno kwa mtoto chini ya miaka mitatu unaweka kipaka kama punje ya mchele, miaka mitatu mpaka sita kama punje ya njegere, na inatemwa. Kitu kilekile kikiwa kingi kinaharibu, kikiwa kidogo juu ya jino kinalifanya ganda lisilambwe kirahisi na asidi. Mimea mingi inaua bakteria, sawa, lakini haifanyi kazi hiyo ya kulikaza jino. Na huku Tanga tunakunywa maji mengine. Kama ningekuwa bado naishi Arumeru ningemuuliza daktari wa huko kwanza, na ningehangaika na maji kabla ya kitu kingine, kule Ngurdoto wamefanya kazi miaka mingi ya kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe na inasaidia.

Baada ya hapo nikawa mtu wa kusoma. Usiku watoto wakilala nachukua simu natafuta kila kilichoandikwa juu ya miti na meno, na nikagundua kwamba sikuwa nimeota. Mswaki wa mama mkwe una kitu kinaitwa benzili aisothayosianeti, ndo kile kiukali kinachopanda puani kama haradali ukitafuna mzizi mbichi, na watafiti wa Sweden mwaka 2011 walionyesha kinaua baadhi ya bakteria wabaya wa mdomoni. Shirika la Afya Duniani tangu 1986 lilishawatia moyo watu ambao ni desturi yao waendelee kuutumia. Mwarobaini, majani ya chai ya kijani, mpera, tangawizi, vyote vimejaribiwa na vyote vinapunguza bakteria. Kuna hata urukususu, ile mizizi mitamu ya dawa za kikohozi, Wamarekani walitengeneza nayo pipi isiyo na sukari wakawapa watoto wa chekechea, bakteria wa meno wakapungua kweli. Walipoacha kuwapa, baada ya wiki chache wakaanza kurudi.

Hapo kwenye kurudi ndo nilipokaa sana. Ukisoma vizuri majaribio mengi yamefanyika kwenye kisahani cha maabara. Bakteria wanaoteshwa pale, wanamwagiwa dawa iliyokamuliwa nzito, wanaachwa nayo siku nzima. Nani ataua akashindwa hapo? Mdomo wa mtoto si kisahani. Mate yanakuja yanaosha ndani ya dakika chache, ukoga umewafunika bakteria kama blanketi, na ukimpangusia tu na maji ya majani bila kuusugua ule ukoga ukatoka basi dawa inaishia juu ya blanketi. Na sufuria yangu sikuwahi kujua ina nguvu kiasi gani, leo majani mengi kesho machache, leo nimechemsha dakika tano kesho nimesahau jikoni nusu saa. Hata wale waliowasukutulisha watoto maji ya mimea na kuhesabu bakteria wakakuta wamepungua, wengi wamefuatilia wiki kadhaa tu. Bakteria kupungua wiki tatu na mtoto kutooza meno miaka mitatu ni vitu viwili tofauti.

Nikamuuliza mama mkwe siku moja tunachambua mchele, mama, nyie utotoni mlikuwa mnakula vitamu gani? Akafikiria akasema, "Mwanangu, vitamu vya wapi? Muwa, embe likiwa msimu, tende Ramadhani. Sukari tulikuwa tunaiona kwa mgeni." Akaniambia hata alipokuwa na watoto wake, miaka ile ya themanini mwanzoni, sukari ilikuwa ya foleni, unapanga toka alfajiri unapata kilo moja ya wiki, chai nyingi walikunywa ya rangi na kipande cha muhogo. Biskuti, juisi za boksi, askrimu za kwenye mifuko, soda, hivyo vyote mume wangu amevikuta mkubwa. Nikabaki nimeshika ungo. Miaka yote ile nilikuwa naangalia kijiti chake nasema ndo siri, kumbe kijiti kilikuwa kinapigana na adui mdogo. Mimi nilichukua mswaki wa bibi nikauweka kwenye mdomo unaokunywa chai ya sukari mara tano kwa siku. Na yeye anasugua dakika kumi kila mara, taratibu, jino moja moja, ndani na nje, mi nilikuwa napangusa sekunde kumi na mtoto analia.

Kwa hiyo nikabadilisha mambo, na nimeyabadilisha mpaka leo. Chai ya usiku ikafa, kitandani ni maji matupu, wiki ya kwanza alilia sana na mimi nikalia naye, wiki ya pili akasahau. Vitamu vinaliwa pamoja na chakula sio kidogo kidogo kutwa nzima. Asubuhi na usiku dawa ya meno yenye floraidi kwa kile kipimo, anatema hasukutui maji mengi baadaye, na mkono ni wangu mpaka afike miaka minane, manake mtoto mdogo hawezi kuyasugua magego ya nyuma mwenyewe hata akikuapia. Mswaki wa mti hatukuutupa. Mchana wakitoka kula bibi anawakatia, anamenya kama sentimita moja, wanatafuna mpaka unachanua nyuzi, wanasugua wamekaa chini. Hilo la kukaa tunasisitiza sana, mtoto asikimbie na kijiti mdomoni, akianguka kinaingia kooni. Nyuzi zikichakaa anakata anamenya mpya. Karafuu imerudi kwenye kopo la pilau, na likitokea jino linauma usiku nitaweka pamba ya karafuu iliyochanganywa na mafuta ya nazi ili mtoto apate usingizi, ila asubuhi saa mbili tuko kliniki hata kama limenyamaza. Hasa kama limenyamaza.

Mafuta yenyewe makali ya karafuu sitaki hata kuyaona karibu na mtoto. Mtoto mdogo akiyameza, hata vijiko viwili vya chai tu, yanaweza kumpiga ini na kumtia degedege. Na mafuta ya mwarobaini, sio majani, yale mafuta ya mbegu, nawaomba wanaowapa watoto wachanga waache. Huko Malaysia mwaka 1981 madaktari waliandika habari za watoto waliopewa mafuta hayo kama dawa ya nyumbani wakaishia kutapika, kupoteza fahamu na degedege. Niliposoma hilo niliiwaza ile sufuria yangu na mtoto akimeza kikombe kizima chenye asali, nikainuka nikaenda kumwangalia alivyolala.

Kuna jambo lingine lazima niliseme hata kama linatoka pembeni. Binti yangu alizaliwa huohuo 2019, akiwa na miezi saba akaanza kuharisha na homa, jirani mmoja mama mtu mzima ninayemheshimu akamfungua mdomo akaona vivimbe vyeupe kwenye fizi akasema haya ni meno ya plastiki, yasuguliwe na dawa ya majani yakate au yatolewe, la sivyo mtoto anaondoka. Wengi mnalijua hili. Zamani ningekubali, dawa ya majani si ndo zangu? Safari hii nilisema hapana shikamoo mama, na mama mkwe akasimama na mimi. Vile vivimbe ni machonge ya mtoto yanajiandaa kutoka, hayana kosa lolote. Watoto wanakatwa fizi na vitu vichafu, wanatoka damu, wanaingiwa na maambukizi, wengine wanakufa, na waliopona wanakuja kukosa meno pale mahali. Kuhara kunatibiwa kama kuhara. Tulimpa maji ya chumvichumvi na vidonge vya zinki kutoka kliniki, siku ya nne alikuwa anacheza.

Yeye huyo binti hajawahi kuonja mwarobaini wangu. Sasa ana miaka sita. Ule mstari mweupe nilikuja kuuona kwake pia, jino moja la mbele, alipokuwa na miaka mitatu, tulipitia kipindi cha msiba wa bibi yake mzaa mama huko Arumeru, mtoto akawa anapewa juisi na kila mtu kutwa nzima wiki tatu. Safari hii niliujua. Nilimpeleka kesho yake tuliporudi, akapakwa floraidi kule kliniki, juisi ikakoma, na jino lile lipo mpaka leo gumu, kadoa kamebaki kadogo.

Juzi usiku nimemlaza kichwa mapajani nampigisha mswaki, mama mkwe kakaa pembeni na tochi ya simu kama kawaida yake. Nikapitisha kidole nyuma kabisa ya magego ya chini kuangalia kama kumebaki chakula, nikagusa kitu kigumu, kona ndogo imechungulia kwenye fizi. Nikamwambia mama lete mwanga hapa. Ni gego la ukubwani, lile la miaka sita, ambalo wazazi wengi wanadhani ni la utoto litabadilika kwa sababu hakuna jino lililong'oka kulipisha. Jeupe, halina doa. Mama mkwe akasogea mpaka miwani yake ikagusa paji la mtoto, akaangalia muda mrefu hasemi kitu. Nikageuza mswaki ukae wa kukingama, manake jino jipya liko chini kuliko wenzake na ukisugua kwa kunyoosha unaliruka, nikalisugua lenyewe peke yake mpaka bibi akamaliza kuhesabu ishirini, mtoto akatema, akauliza kama anaweza kuliona kwenye kioo.